Jaji Aliyepima Barabara ya Selma

Basi la kutoka Atlanta lilikuwa na baridi ya friji, na teksi ya kunifikisha katikati ya Montgomery, jimbo la Alabama, ikanikamua pesa zilizobaki. Nauli niliisahau nilipofika jengo la mahakama lenye jina la jaji Frank M. Johnson Jr. Jirani yake tu ndipo kilipo kituo cha zamani cha mabasi ya Greyhound, walipopigwa Mei 1961 Wasafiri wa Uhuru, weusi na weupe waliopanda mabasi pamoja kupinga ubaguzi.

Johnson, mzaliwa wa Haleyville mwaka 1918, aliteuliwa na Rais Eisenhower kuwa jaji wa shirikisho mwaka 1955. Punde ikamwangukia kesi ya kupinga kutenganishwa kwa weusi na weupe katika mabasi ya Montgomery, ambayo weusi walikuwa wameyasusia. Wengi hudhani mlalamikaji alikuwa Rosa Parks, mama mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti. Sivyo. Wakili Fred Gray alimweka kando makusudi, kwani rufaa yake ya jinai ilikuwa bado katika mahakama za jimbo na ingekwamisha mambo. Akawatumia wanawake wengine. Kwa kuwa waliomba sheria ya jimbo izuiwe kwa kukiuka katiba, ilibidi waketi majaji watatu, na rufaa ikaenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. Juni 1956 majaji Rives na Johnson waliwakubalia wanawake hao, mwenzao Lynne akapinga. Hata hivyo watu waliendelea kususia mabasi na kutembea kwa miguu hadi Desemba, amri ilipofika kutoka Washington.

Kilichonivuta zaidi ni barabara ya 80, kilomita 87 kutoka mji wa Selma hadi Montgomery. Gari la kukodi ni ghali, lakini bila gari huoni kitu. Machi 1965 Johnson kwanza aliyazuia maandamano ya weusi waliodai haki ya kupiga kura kwenye barabara hiyo, hadi asikilize ushahidi. Kisha waandamanaji, waliokuwa walalamikaji, wakawasilisha mpango wenye kila kitu: chakula, vyoo vya kubebwa na malori, huduma ya kwanza, uzoaji taka. Tarehe 17 akaruhusu, akisema haki ya kuandamana ilingane na ukubwa wa dhuluma. Barabara ilipobana kuwa ya njia mbili, wasizidi watu 300. Ilipopanuka, idadi haikuwa na kikomo. Kwangu mimi, ustadi wake wote umo katika kipimo hicho: gavana wa Alabama alidai barabara itazibwa, na hoja ikamfia mkononi.

Gavana huyo, George Wallace, alisoma naye sheria chuo kimoja. Alimtukana kwa miaka, na nyumba ya mama yake Johnson ililipuliwa kwa bomu mwaka 1967, lakini Wallace hakuweza kumfukuza kazi. Jaji wa shirikisho huteuliwa kwa maisha, mshahara wake haupunguzwi, na ni Bunge la Marekani pekee linaloweza kumng'oa. Kwetu Kenya ulinzi wa majaji wa namna hiyo uliondolewa kwenye katiba mwaka 1988, ukarudishwa 1990.