Siku moja maishani mwangu: steringi aliyezimia

Saa 11 alfajiri. Niko mwaloni Kibirizi, Kigoma, na hakuna harufu ya dagaa wabichi. Mwezi mpevu; mbalamwezi ikishatanda juu ya Ziwa Tanganyika dagaa hawakusanyiki kwenye taa, basi mitumbwi imepumzika. Kwa wachuuzi hiyo ni njaa. Kwangu mimi mwenye banda la video kule Mwanga ni mavuno, kwani wavuvi waliozoea kukesha ziwani leo hawana pa kukeshea. Nimekuja kutangaza kwa mdomo: usiku wa leo, Mianzi Part 2.

Jina lake halisi ni Crouching Tiger, Hidden Dragon. Huku hakuna anayejisumbua kulitamka. Ni Mianzi, kwa sababu ya lile pambano la juu ya vilele vya mianzi.

Saa 2 asubuhi. Chai, maandazi mawili, kufagia banda.

Saa 3 hadi saa 7. Naitazama peke yangu, daftari mkononi, najiandaa kutafsiri. Hapa niseme ukweli. Nilipoanza kushika maiki, mwaka 2008, nilifika pale steringi mwenyewe, Li Mu Bai, yaani Chow Yun-fat, anapochomwa sindano ya sumu na kukata roho mikononi mwa Shu Lien, yaani Michelle Yeoh. Banda likachafuka. "Steringi hafi!" Benchi likapinduliwa. Nikiwaza kurudisha viingilio vya watu, nikajikuta nasema: "Tulieni jamani, kazimia tu. Ataamka Part 2."

Part 2 ilitoka 2016. Miaka yote nikiulizwa nasema haijafika Kigoma. Juzi kijana mmoja wa chuo kaniletea kwenye flashi, tena mbele ya wateja.

Ina balaa lingine pia. Ile ya kwanza, ya Ang Lee, wanaongea Kimandarini mwanzo mwisho. Nani angenibishia? Hata Michelle Yeoh, mzaliwa wa Malaysia, alikariri maneno yake kwa sauti tu bila kuijua lugha, na nikikumbuka hilo najiona sina dhambi kubwa. Hii ya pili wameigiza kwa Kiingereza, na watoto wa sekondari wananisahihisha kutoka benchi la nyuma. Muongozaji ni Yuen Woo-ping, aliyepanga mapigano ya ile ya kwanza, kwa hiyo mapanga yapo ya kutosha. Lakini tuzo 4 za Oscar zilikwenda kwa ile ya kwanza, na ukizitazama kwa kufuatana huulizi kwa nini.

Saa 8. Ugali wa muhogo, mgebuka wa kukaanga, usingizi.

Saa 12 jioni. Sabufa nje, petroli lita mbili ndani kwa tahadhari.

Saa 2 usiku. Kiingilio 500, na watu wamekaa mpaka sakafuni. Michelle Yeoh anatokea, makofi. Likaja pambano la juu ya ziwa lililoganda, hapo nikasahaulika kabisa. "Sasa nyavu wanatupa wapi?" "Mtumbwi unapita wapi hapo?" Wavuvi walijadili barafu hiyo mpaka ikabidi nirudishe nyuma. Umeme ukakatika, nikawasha jenereta, tukaendelea.

Kisha akaingia Donnie Yen. Huyu ni mchumba wa Shu Lien ambaye kwenye ile ya kwanza tuliambiwa ni marehemu. Nikaona upenyo. "Mnamwona? Kaamka! Sumu imembadilisha sura!"

"Muongo!" Kijana wa chuo. "Huyo mwingine. Li Mu Bai alishakufa."

Banda zima likanigeukia. Nikashusha maiki. "Ni kweli," nikasema. "Alikufa palepale pangoni."

Nilirudisha viingilio vya watu sita. Waliobaki walitazama mpaka mwisho, wakiguna.

Saa 5 usiku. Nahesabu chenji. Mzee mmoja wa Katonga, mteja tangu enzi za DVD, hajanyanyuka.

"Shikamoo mzee wangu, tunafunga."

"Marahaba. Weka ile ya kwanza." Akanipa 500 nyingine.

"Mzee, si umesikia alikufa?"

"Mwanangu, nimezika wangapi mimi? Nilijua siku ileile." Akajinyoosha kwenye benchi. "Weka. Na tukifika pangoni, sema vilevile ulivyosema."