Sweta mwezi Februari

Kati ya Desemba na Machi, upepo wa kaskazi unapovuma, joto la mchana Dar es Salaam hufika nyuzi 32 na kupita, na hewa hujaa unyevu kiasi kwamba jasho hutiririka bila kukauka. Katikati ya msimu huo shule hufunguliwa, na shule anayosoma binti yangu, kama nyingine nyingi za jijini, humtaka kila mwanafunzi aingie getini na sweta, tai na soksi zilizopandishwa hadi magotini. Mwalimu wa zamu hukagua mstarini, na asiye na sweta hurudishwa nyumbani.

Ninaziheshimu sare. Zinamwezesha mtoto wa mama lishe na mtoto wa mkurugenzi kukaa dawati moja bila nguo kuwatenganisha, na hilo ni jambo kubwa. Lakini shati jeupe lenye nembo mfukoni linatosha kuifanya kazi hiyo. Sweta na tai tulivirithi kutoka Uingereza kupitia shule za kikoloni. Sweta ina maana Makete au Njombe mwezi Juni, si Temeke mwezi Februari, katika darasa lililoezekwa bati lisilo na dari, ambamo feni moja inazunguka juu ya wanafunzi waliobanana.

Binti yangu anaporudi alasiri, shati lake la tetroni limemganda mgongoni, kola imechorwa mstari mweupe wa chumvi, na shingoni ana vipele vya joto. Husema kwamba vipindi vya baada ya saa sita hasikii kinachofundishwa, nami namwamini.

Waingereza wenyewe walikumbana na suala hili. Juni 2017, wavulana wa shule moja mjini Exeter, waliokatazwa kaptura wakati wa joto kali, walivaa sketi za sare, na baadaye uongozi ukakubali kaptura ziruhusiwe mwaka uliofuata.

Katika kikao kijacho cha wazazi nitaomba sweta na tai viwe hiari kuanzia Januari hadi Machi, mashati ya pamba yaruhusiwe hata kama hayakununuliwa shuleni, na wasichana wanaovaa hijabu waruhusiwe kushona za kitambaa chepesi, maana wao ndio wanaoumia zaidi na ndio wasiotajwa kabisa katika mazungumzo haya.