Basel, kumfuata mama wa noti ya hamsini

Juni 2021 huku Uswisi ndo masharti ya corona yameanza kulegea kidogo, nikasikia maonyesho ya msanii Mswisi Sophie Taeuber-Arp pale jumba la sanaa Kunstmuseum Basel yanafungwa mwezi huohuo, nikasema hapana haya hayanipiti. Kabla ya kupanda treni Zürich nikapita kwanza Spiegelgasse namba 1, pale klabu ya Cabaret Voltaire ilipofunguliwa Februari 1916 na wale wasanii wa Dada, kundi lililopinga sanaa ya mazoea. Ni kichochoro tu kinapanda kilima, ukisogea juu kidogo unakuta nyumba aliyopanga Lenin, yule mwanamapinduzi wa Urusi, miaka hiyohiyo. Sophie alikuwa anacheza dansi na kundi hilo kavaa kinyago, mchana anafundisha ufumaji na utarizi chuoni, kazi aliyoifanya mpaka 1929, na mshahara wake ndo uliolisha nyumba wakati mumewe Hans Arp anajijenga jina.

Safari ya treni mpaka Basel inachukua kama saa moja hivi, halafu tramu namba 2 mpaka mlangoni pa jumba.

Sasa kile nilichokifuata ni vipande vya karatasi vya 1916 na 1917, vidogo kweli, ukipita haraka unaviruka. Ni gwashi, rangi ya maji ila nzito, inashikana kwa gundi ya mgunga, ikikauka haing'ai na haionyeshi kilicho chini. Taa wameshusha kwa sababu karatasi na mwanga haviivani, kwahiyo inabidi uinamie. Miraba na mistatili tu, nyekundu, buluu, nyeusi, imepangwa wima na mlalo, hakuna mtu hakuna mti hakuna nyumba. Ukikaza macho unaona mipaka ya rangi haijanyooka kama ya rula, mkono unaonekana kabisa.

Mondrian, yule mchoraji Mholanzi wa miraba, alianza na miti akapunguza punguza mpaka mti ukapotea. Huyu mama alianza na nyuzi, mtande wima, mshindio mlalo, miraba inatoka humohumo, na yeyote aliyekaa karibu na bibi anayesuka mkeka hahitaji kuelezwa zaidi. Ila kwa vile ilikuwa kitambaa na sindano wakubwa wa sanaa wakaiita kazi za mikono, na mimi hilo linaniudhi mpaka leo, maana ukutani pale utarizi wake na gwashi zake ni wazo lilelile.

Kichekesho ni kwamba sura yake ilikuwa kwenye noti ya faranga 50 tangu 1995, kila mtu kamshika mkononi. Noti yenyewe ilikoma kupokelewa madukani mwisho wa Aprili 2021, maonyesho yakiwa bado yanaendelea! Ukiwa nayo benki kuu wanakubadilishia.

Wa London hawakuhitaji kuhangaika kuja huku, Julai 2021 yalihamia jumba la Tate Modern, halafu New York kwenye jumba la MoMA. Mkizikuta kazi zake popote, nendeni asubuhi kabla watu hawajajaa, maana kazi zenyewe ni za kusogelea.