Siku moja maishani mwangu: Volkswagen ya mzee iliyokataa kupiga honi

Saa 12:40 asubuhi

Julai ya Moshi ina baridi ya kukufanya ushike spana kwa kitambaa. Mlima umejifunika, haupo kabisa, na wageni waliolipia kuuona leo wanisamehe. Nafungua kontena la vifaa hapa Pasua, natoa meza, natoa mita ya kupimia umeme na boksi la fyuzi. Mimi ni fundi umeme wa magari. Injini siigusi, rangi siigusi. Wateja wangu wa kila siku ni bajaji, Noah za kwenda Himo na Marangu, na Fuso zenye taa nyingi kuliko inavyohitajika. Dogo ninayemfundisha amefika kabla yangu, ameshawasha moto wa makaratasi na anaukumbatia.

Saa 1:15

Gari linasikika kabla halijakunja kona. Injini ya nyuma, inayopozwa kwa hewa, haifanani sauti na kitu kingine chochote barabarani. Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1970, rangi ya maziwa, na mzee mwenye kofia ya sufi nyuma ya usukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Huyu mwenzangu amekuwa bubu."

Kisa chenyewe ni hiki. Kesho Jumamosi mjukuu wake anaolewa Kibosho. Bibi harusi atapanda gari hili, kwa sababu mama yake naye alilipanda siku yake. Anayejua harusi za huku anaelewa shida iko wapi: pikapu ya matarumbeta inatangulia, mpiga video amening'inia, na msafara mzima nyuma unajibu kwa honi kuanzia kanisani mpaka ukumbini. Sasa gari la bibi harusi liwe ndilo pekee lililonyamaza? Mashangazi watasema mpaka Krismasi.

Mzee ameshahangaika. Amenunua honi mpya, ikafungwa gereji nyingine, nayo kimya. Akashauriwa aweke swichi ya kengele ya mlango kwenye dashibodi, avute waya, mambo yaishe. Akakataa, akaja kwangu.

Dogo akaninong'oneza: "Bro, si tuweke tu hiyo swichi? Dakika kumi."

Kweli ni dakika kumi, na nusu ya daladala za mji huu zinapiga honi kwa swichi ya kengele. Sipendi. Mtoto akikatiza barabara mbele yako, mkono unakwenda wenyewe katikati ya usukani, hauanzi kupapasa dashibodi kutafuta kengele. Aliyeiweka honi pale alikuwa na akili zake, na kazi yangu ni kuirudisha pale pale.

Saa 1:50

Kwanza tupime, usukani baadaye. Honi mbili tofauti kunyamaza kwenye gari moja ni dalili kubwa kwamba tatizo si honi, na mita haijaguswa bado.

Dogo amezoea kudhani kitufe cha honi ndicho kinachopeleka moto, yaani umeme. Kwenye gari hili sivyo. Moto unatoka kwenye fyuzi ukishafungua swichi ya ufunguo wa gari, unakwenda moja kwa moja hadi kwenye honi chini ya madigadi ya mbele, na unakaa pale unasubiri. Kitufe cha usukani kinafungua njia ya kurudi tu, yaani ethi. Ukibonyeza, njia inafika kwenye bodi, mzunguko unakamilika, ndani ya honi sumaku inavuta kiwambo, pointi (vijichuma vya kupitisha umeme) zinaachana, kiwambo kinarudi, pointi zinagusana tena, na mchezo huo unajirudia upesi kiasi kwamba sikio linausikia kama mlio mmoja.

Moto kwenye honi: volti 12.4. Vizuri. Nikachomoa waya wa kahawia, nikaunga kipande cha waya kwenye ncha ile ya honi, nikakigusisha kwenye bodi. Honi ikapiga kelele mpaka mama ntilie wa jirani akamwaga chai. Nikaifunga honi ya zamani, nikarudia. Nayo inalia, tena kwa sauti nzito zaidi. Mzee akaitazama ile mpya aliyoinunua, akanyamaza. Sikumwongezea neno.

Hatua ya pili: waya ule ule wa kahawia, upande wa juu, pale unapoingia kwenye swichi ya indiketa chini ya usukani. Nikauchomoa na kuugusisha kwenye bodi. Honi inalia. Basi waya mrefu wote mzima. Ugonjwa uko kwenye usukani wenyewe au kwenye shafti yake, na huko huingii bila kuung'oa.

Saa 3:00

Mtori na chapati moja. Bajaji mbili zimekuja na indiketa zinazopepesa haraka mno. Balbu moja imeungua kila moja, kazi imekwisha kabla mtori haujapoa. Dereva wa Noah anataka nimwangalie altaneta, ile inayochaji betri, "mara moja". Hakuna altaneta ya mara moja. Nimempa saa tisa.

Saa 3:40

Sasa usukani. Dogo amesimama mita mbili nyuma, mikono mfukoni. Namuuliza vipi, anajibu: "Si unaweza kulipuka?"

Simlaumu. Amekulia kwenye IST na Noah, na huko nimemkaripia sana kuhusu eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga. Gari lenye eabegi unatoa ncha hasi ya betri kwanza, kisha unasubiri. Toyota wanaandika angalau sekunde 90, mimi nasubiri zaidi, nakunywa maji kabisa. Halafu kuna ule utepe wa umeme uliojizungusha chini ya usukani. Ukikatika, honi inanyamaza na taa ya eabegi inawaka kwa pamoja, na anayeufunga bila kuuweka katikati ataukata tena kona ya kwanza ya nguvu. Lakini hii ya mwaka 1970 haina eabegi. Ina chuma, plastiki, nati moja na uvumilivu wako.

Hata hivyo betri tumeitoa ncha. Kwenye Beetle betri iko chini ya kiti cha nyuma, na dogo alipoteza muda akiitafuta mbele huku mzee akicheka.

Magurudumu yanyooke kwanza. Mkono wa indiketa uwe katikati, kwa sababu chini ya usukani kuna kijino kinachorudisha indiketa ukimaliza kona; ukivuta au kurudisha usukani mkono ukiwa umeinuliwa, kijino kinavunjika, na plastiki ya umri huo haiungwi. Kifuniko cha katikati kinabanduliwa kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze. Nyuma yake kuna waya mwembamba, unauchomoa taratibu. Hapo nati inaonekana.

Bokisi ya 27, yaani spana ya kuvika juu ya nati. Sina. Nimeiazima kwa fundi wa Fuso wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakuazimi kitu bila kukuuliza kwanza kwa nini huna chako.

Kabla ya kulegeza, alama: mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye shafti hadi kwenye kitovu cha usukani. Meno ya shafti ni mengi na madogo. Ukikosea jino moja tu, mzee atakuwa anakwenda mbele usukani ukiangalia Bomambuzi.

Nati ikalegea. Na hapa nasisitiza kwa anayejifunza: usiitoe yote. Iache imeshika nyuzi chache. Usukani uliokaa miaka mingi hauachii polepole, unaachia ghafla, na nati isipokuwepo unauvutia kwenye meno yako. Tukapulizia dawa ya kutu, tukasubiri. Nikaketi, magoti chini ya usukani, viganja pande mbili, nikasukuma kwa zamu kushoto na kulia. Haukutikisika. Dogo akaleta nyundo.

Nyundo hapana. Ukigonga kichwa cha shafti, mshtuko unakwenda kwenye beringi na stelingi boksi, na nyuzi za nati zinapondeka. Dawa tena, magoti tena. Mara ya tatu, "tak", ukaachia na kugota kwenye nati. Mzee alipiga makofi.

Saa 5:10

Chini ya usukani kuna pete ya shaba, na brashi ndogo inayoisugua usukani unapozunguka. Ndiyo inayowezesha umeme kupita kati ya kitu kinachozunguka na kitu kisichozunguka. Grisi ya zamani ilikuwa imegandamana pale kama ukoko wa ugali, na brashi imezama ndani yake, springi haiisukumi tena. Kitambaa chenye petroli kidogo, kisha msasa laini kwenye pete mpaka shaba ing'ae, springi ikanyooshwa. Kwenye kitufe, pointi zilikuwa na kutu ya kijani. Msasa tena.

Angekuwa fundi mwenye haraka angefunga hapo. Nikaweka mita: ncha moja kwenye shafti, nyingine kwenye bodi. Hakuna kitu. Shafti haina ethi.

Dogo: "Chuma kwa chuma, itakosaje ethi?"

Swali zuri, na ndilo lililowashinda waliotangulia. Fuata shafti kwa macho. Juu imetengwa na plastiki. Chini, kabla ya stelingi boksi, kuna kapling'i ya raba ya kumeza mitetemo ya barabara. Raba haipitishi umeme. Waliolitengeneza wakaweka kiwaya kifupi kinachoruka ile raba, kutoka boliti moja hadi nyingine. Kisipokuwepo, hata ukiweka kitufe cha dhahabu, honi haiwezi kulia.

Saa 6:00 mchana

Jeki, kisha stendi za chuma. Silali chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kiwaya kipo, au tuseme kilikuwepo. Mtu aliwahi kukibadilisha akaweka waya wa nyumbani, ule wenye uzi mmoja mnene. Waya wa namna hiyo umezaliwa kukaa ukutani bila kusogea. Hapa unakunjwa kila kona, basi ukakatika pale pale kwenye mkunjo. Nikakata waya wa nyuzi nyingi, laini, nikaubana ncha mbili za macho kwa koleo. Dogo alitaka tuchomelee kwa risasi iwe imara. Hapana: risasi inapanda ndani ya nyuzi, inazikakamaza, na mahali penye kujikunja waya utakatika mwisho wa ile risasi. Kubana kunatosha.

Nikiwa chini nikaikagua raba yenyewe, maana hiyo ndiyo inayoshika magurudumu ya mzee. Haina ufa, boliti zimekaza. Ingekuwa imepasuka, ningemwambia asahau honi na apande Noah harusini.

Saa 7:30

Wali, maharage, mchicha. Yule fundi wa Fuso amekuja kufuata bokisi yake akakuta mzee anahutubia. Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka 1954, anasema, na tena 1962, wakati barabara ni matope matupu. Fundi wa Fuso ni mtu wa Peugeot tangu utoto: "Na 1966 na 1967 je? Bert Shankland, wa hapa hapa Tanzania, na 404!" Mzee akamjibu kwamba 404 ni gari la watu wenye haraka. Ubishi ulikula nusu saa na bokisi ikabaki kwangu.

Saa 8:20

Kurudisha ni kazi fupi kama umeweka alama. Mistari ikutane, mkono wa indiketa katikati, usukani usukumwe kwa mikono mpaka ukae, kisha wosha yake na nati. Nati inakazwa hadi nyutoni mita 50, kipimo cha nguvu ya kukaza, si kukaza kwa hasira. Kitovu kisiguse swichi ya chini. Ukizungusha na kusikia msuguano, toa urudie. Waya wa kitufe, kifuniko, ncha ya betri.

Mzee mwenyewe nikampa heshima ya kubonyeza. Akabonyeza. Kimya. Dogo akanitazama kwa huzuni. Nikamwambia mzee afungue swichi ya ufunguo kwanza.

Sauti ile ikatoka, nzito kidogo, imekwaruza. Tumerudisha honi ya zamani kwa ombi lake. Nyuma yake kuna skrubu ya kurekebisha pointi. Robo mzunguko, sikiliza, robo nyingine, mpaka ikasafika. Kisha tukazungusha usukani wote kushoto, honi, wote kulia, honi, katikati, honi. Indiketa zinarudi zenyewe pande zote mbili.

Saa 9:10

Noah ya altaneta imefika na dereva ana haraka zaidi ya asubuhi. Mzee anahesabu pesa polepole, ananiuliza ile honi mpya aifanyie nini. Nimemwambia aiweke kwenye buti. Dukani hawarudishi kitu kilichokwisha kufungwa. Akanilipa, kisha akachomoa bahasha kwenye koti.

"Kadi hii ni dabo. Njoo na mwenzako."

"Asante sana mzee. Na ya dogo?"

"Dogo atakaa mbele na mimi. Ikinyamaza Kibosho, nitamshusha aimbe."

Akaondoka akipiga honi mpaka kona ya pili. Dogo ameshaanza kuuliza kama suti inaazimwa wapi, nami nimempa mita akapime altaneta.