Sauti kuachana na mdomo kwenye filamu: nilivyorekebisha

Ukishuti filamu kwa bajeti ya kubana mara nyingi picha unachukua kwa simu na sauti kwa rekoda ya pembeni, na sisi ndo tulivyofanya. Shida ikaja kwenye kuediti, mwanzo wa shoti sauti imekaa sawa kabisa, ukisogea mbele mwigizaji anafunga mdomo halafu ndo neno linasikika, na iliniuma sana maana kwenye ile sini walitoa machozi ya kweli, kuirudia haiwezekani.

Kusogeza sauti hakusaidii, ukiweka sawa mwisho mwanzo unaharibika. Chanzo ni kwamba simu nyingi hazirekodi fremu (zile picha mojamoja zinazounda video) kwa kasi moja, inapanda na kushuka kidogokidogo hasa mwanga ukiwa hafifu, wakati rekoda inaenda vilevile mwanzo mwisho.

Nikapitisha video zote kwenye HandBrake (programu ya kubadilisha video, ya bure hiyo), upande wa fremu nikachagua kasi isiyobadilika na kuweka fremu 24 kwa sekunde, ileile tuliyoshutia, ubora nikauacha juu ili picha isichuje. Mradi wa kuediti nao nikauweka 24, sauti 48 kHz (yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde). Hapo kuweni makini jamani, 24 na 23.976 sio kitu kimoja, ukizichanganya sauti inaachana na picha kama sekunde 3.6 kwa kila saa. Halafu nikalinganisha sauti na picha pale tulipopiga makofi mbele ya kamera, nikacheza shoti yote, neno na mdomo vinaenda pamoja hadi mwisho.

Faili za mwanzo usizifute mpaka filamu iishe.