Madison, Mji wa Maziwa

Basi kutoka uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, linatumia kama saa tatu. Njia nzima ni mashamba, maghala ya malisho na ng'ombe. Mwisho likachomoza kuba jeupe la bunge la jimbo la Wisconsin, na pande zote mbili maji.

Madison imekaa juu ya kishingo cha nchi kavu kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Waho-Chunk, wenyeji wa asili, huliita eneo hili Teejop, yaani maziwa manne, maana mengine yako jirani. Bunge, lililokamilika mwaka 1917, liko katikati ya kishingo. Kutoka hapo unashika State Street, mtaa wa migahawa na maduka, na baada ya mwendo wa kama robo saa unaingia chuo kikuu, kilichoanzishwa 1848, mwaka uleule Wisconsin ilipopata hadhi ya jimbo.

Nilifika mwishoni mwa Aprili, gulio la Jumamosi limesharudi nje baada ya baridi. Linalizunguka bunge, na wanunuzi wote hutembea upande mmoja, kinyume cha saa. Ukigeuka utakanyagana na watu. Sharti la kuuza hapo ni kwamba bidhaa uwe umeizalisha mwenyewe. Nilinunua vipande vya jibini changa, vile ambavyo ukivitafuna vinalia kama raba mpya kwenye sakafu. "Kula leo," muuzaji akaniambia, "kesho havilii tena."

Kuba ni zuri, lakini kilichonivutia zaidi ni jinsi elimu ya hapa ilivyotoka zizini. Mwaka 1890 Stephen Babcock alibuni kipimo cha mafuta yaliyomo kwenye maziwa, na tangu hapo aliyezoea kuongeza maji kwenye ndoo akawa hana pa kujificha. Kisha kuna kisa cha 1933. Mkulima mmoja alisafiri karibu kilomita 300 katikati ya dhoruba ya theluji, amebeba mzoga wa mtamba na chombo cha damu iliyokataa kuganda. Ng'ombe wake walikuwa wakivuja damu hadi kufa. Karl Paul Link, mwanakemia wa chuo, alifanya kazi na wenzake miaka kadhaa hadi wakaipata sumu yenyewe ndani ya majani makavu yaliyoota ukungu, ambayo ng'ombe hao walilishwa. Utafiti huo ndio uliozaa warfarin: kwanza sumu ya panya, baadaye dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hata hospitali zetu huitumia. Herufi zake za mwanzo, WARF, ni za taasisi inayosimamia hataza, yaani haki za uvumbuzi, za chuo. Nilikuwa nimeyasikia haya kijuujuu tu. Kuyawaza huku nalamba aiskrimu kwenye duka la Babcock, palepale chuoni, ni jambo jingine.

Jioni watu wote huhamia Terrace, baraza kubwa ukingoni mwa Mendota, penye viti vya chuma vya kijani, njano na rangi ya chungwa. Mimi ni mtu wa Mwanza, ziwa halinitishi. Lakini kuambiwa kwamba majira ya baridi watu hutembea juu ya maji haya, wakatoboa barafu na kuvua samaki, kulinifanya niyatazame upya. Tarehe za kuganda na kuyeyuka zimeandikwa tangu miaka ya 1850.

Nikiwa kwenye simu na nyumbani, kijana wa Kizungu wa meza ya pili akasubiri nimalize, akasema, "Shikamoo, mzee." Anasoma Kiswahili hapo chuoni. Nikaitikia marahaba, ingawa mzee bado sijawa.

Ukipanga kwenda, epuka Jumamosi za mpira wa Kimarekani msimu wa vuli, timu ya chuo inapocheza nyumbani. Uwanja wa Camp Randall unabeba watu zaidi ya 70,000, na chumba cha hoteli utakitafuta mpaka mji wa jirani.