Kikombe cha bati na vidonge vitatu

Juzi usiku, saa tatu imeshapita, binti wa kaka yangu kanipigia simu kwa sauti ya mtu ambaye hajala tangu asubuhi. "Shikamoo shangazi. Hivi nyie ile P4P yenu ilikuwaje?" Nikamwambia marahaba, kale kwanza.

Yuko kwenye shirika dogo huko Dar linaloshughulika na mabinti walioacha shule. Mfadhili amewaambia mwaka huu hela haitangulii: matokeo yaonekane, yapimwe na mtu wa nje, ndipo walipwe. Andiko kapewa yeye, na siku zilizobaki ni nne. Nilimweleza kidogo jinsi na sisi wa zahanati tulivyowahi kulipwa kwa mtindo huo, bando likakata. Yaliyobaki nayaandika hapa, maana na wengine wameniuliza, na mimi tangu nistaafu unesi niko hapa Dunda, Bagamoyo, na kazi yangu kubwa ni kumwagilia mchicha.

Malipo kwa ufanisi, ndivyo makaratasi yalivyosema. Midomoni mwetu ilikuwa P4P. Ilianzia mkoa wetu wa Pwani mwaka 2011, kwa fedha za Norway, na kila kituo kilipewa malengo ya huduma za mama na mtoto. Kila miezi sita mnahesabiwa. Mkifikia, mnalipwa: kwa zahanati kama yetu, robo inabaki kituoni, robo tatu mnagawana watumishi. Mshahara wa serikali uko palepale, hii inakuja juu yake. Hilo la mshahara naomba mlishike, nitalirudia.

Mimi nilikuwa kliniki ya wajawazito, kitabu namba 6 cha MTUHA, yale madaftari ya serikali ya kumbukumbu za huduma za afya. Kati ya tulivyopimwa kulikuwa na vidonge vya SP vya kukinga malaria. Mama anatakiwa avinywe vitatu kwa mpigo, mbele ya muuguzi, siyo apewe akavinywe kwake. Sasa avinywe na nini? Bomba letu lilikuwa likitoa upepo. Maji tuliletewa kwa baiskeli kutoka kisimani, na kikombe kilikuwa kimoja, cha plastiki, kimepauka, kina ufa mdomoni. Mama akikitazama kile kikombe anasema, "Nesi, nifungie tu, nitakunywa nyumbani nikishakula." Ningemlazimisha vipi? Mimi mwenyewe nisingekinywea. Siku moja mama kafungua fundo la khanga atoe nauli, vikadondoka vidonge vitatu mezani, vimegeuka rangi. Vya mwezi uliopita. Na kwenye kitabu changu yule mama alikuwa na alama ya vema.

Malipo ya kwanza yalichelewa sana, tukaanza kusema tumeliwa. Yalipoingia, ile robo ya kituo tulinunulia ndoo mbili za koki na vikombe kumi na viwili vya bati, vile vyeupe vyenye mstari wa bluu, pale sokoni. Na beseni la kuvioshea. Basi. Kuanzia hapo mama anapewa vidonge, anapewa kikombe chake, anakunywa namwona, naweka vema. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa London walipokuja kutoa majibu ya Pwani nzima, kati ya huduma nane walizozipima ni mbili tu ndizo walizoziona zimepanda waziwazi kwa sababu ya malipo: kujifungulia kituoni, kwa asilimia 8 na kidogo, na dawa za malaria kwa wajawazito, asilimia 10 na kidogo. Wenzangu walinung'unika, mbili tu? Mimi nilifikiria vikombe. Nilijua hasa ile kumi ilikotoka.

Ya kujifungua nayo nina habari zake, ya mkunga wa jadi mmoja aliyekuwa akituletea wajawazito kwa bodaboda na kudai sabuni yake kabla hajakaa, lakini ile ni hadithi ya siku nyingine.

Kuna kitu sikumwambia binti kwenye simu. Utafiti uleule ulikuta kwamba kwenye zahanati, watoto wa chini ya miaka mitano waliokuja kutibiwa magonjwa ya kawaida walipungua. Hao hawakuwa kwenye malengo. Hakuna aliyetuambia tuwaache. Ila siku ya kliniki, ukiwa na wajawazito thelathini na karatasi ya malengo ukutani, halafu anaingia mama na mtoto ana homa, unamwambia nini? Unamwambia subiri. Namkumbuka mmoja, mtoto wake kamfunga mgongoni kwa khanga ya njano. Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu. Sikumfukuza. Saa saba nilipoinua kichwa benchi lilikuwa tupu. MTUHA ina vitabu vingi, lakini cha walioondoka bila kuhudumiwa sijawahi kukiona.

Na kalamu. Nusu mwaka ikikaribia kuisha, kalamu zinakuwa nyepesi. Kuna kituo, sikitaji, wahakiki walifungua daftari wakakuta siku kumi na nne zimeandikwa kwa wino mmoja, mwandiko umelala upande mmoja, hakuna hata doa la chai. Daftari la kweli lina madoa, binti yangu.

Sasa huu mtindo haukuzaliwa Pwani. Uingereza mwaka 2010, gereza la Peterborough, wawekezaji walitanguliza fedha za kuwasaidia waliofungwa vifungo vifupi wasirudi jela, walipwe tu kama wanaorudi watapungua. Walipungua, wakalipwa. Marekani mwaka 2018 ilipitisha sheria iliyotenga dola milioni 100 za serikali kuu kwa miradi ya majimbo na serikali za mitaa, kulipa matokeo yakishathibitishwa na mtathmini wa kujitegemea, na angalau nusu ya fedha iende kwenye miradi inayowanufaisha watoto moja kwa moja. Lakini kabla ya hapo New York walishapata somo: mwaka 2012 walianza mradi wa vijana wa gereza la Rikers Island, benki ya Goldman Sachs ikiahidi mkopo wa dola milioni 9.6. Mwaka 2015 wapimaji wakasema hakuna kilichopungua. Jiji halikulipa kitu. Benki ikala hasara, na hata hasara yenyewe sehemu kubwa ilikuwa imedhaminiwa na taasisi ya hisani ya Bloomberg.

Ndiyo maana nikasema mshike lile la mshahara. Sisi P4P ilipochelewa tulinung'unika, lakini tulikula. Rikers ilipokwama, benki ilikuwepo. Shirika la binti yetu lina watu sita, kodi ya ofisi, na mwalimu wa cherehani anayelipwa kwa wiki. Kati ya leo na siku mpimaji atakaposema ndiyo, nani anatanguliza? Hilo nilimwambia aliulize kwa barua, siyo kwa mdomo, na kabla ya kusaini chochote.

La pili ni kipimo chenyewe. Hapa Bagamoyo, pamoja na Kibaha na Chamwino, TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ilijaribu mwaka 2010 kuzipa kaya maskini ruzuku kwa masharti: watoto waende shule, wadogo wapelekwe kliniki, wazee nao wapimwe. Mwanzoni mahudhurio ya kliniki yalipanda. Baadaye yakashuka. Ukiyatazama yale mahudhurio peke yake utasema mpango umekufa, kumbe watu wa kaya zile walikuwa wakiumwa kidogo kuliko zamani, ndiyo maana hawaji. Fikiria mtu angekuwa analipwa kwa idadi ya wanaokuja. Mimi, kwa njaa niliyokuwa nayo wakati ule, ningewaita hata wazima.

Jana asubuhi kanitumia rasimu kwa WhatsApp, kurasa tisa. Nikaenda moja kwa moja kwenye jedwali. Kiashiria cha kwanza: idadi ya mabinti watakaohudhuria mafunzo kwa miezi sita bila kukosa. Nikamwandikia: na yule atakayepata kazi saluni wiki ya tatu akaacha kuja, mtamhesabu wapi?

Tiki mbili za bluu tangu saa nne ya jana. Andiko linatakiwa Ijumaa.